Jina Langu Limo?

Ukungu ulikuwa bado umeukalia mlima, na wagonjwa walikuwa wamepanga mstari dirishani, lakini Sajenti Marsela Tluway aliona mara moja kwamba huo haukuwa mstari wa dawa. Hakuna aliyeshika kikombe cha maji. Kila mmoja alisogea mbele ya wavu, akainamisha kichwa, akauliza neno moja, akapisha wa nyuma yake.

"Sista, jina langu limo?"

"Limo, mama. Nenda ukanywe uji."

"Na langu?"

"Limo. Funga shingo hiyo, baridi hii si yako."

"Na langu mimi, Sista? Tazama vizuri."

Ndani ya dirisha, Sista Lukresia, muuguzi mkuu wa kituo kile cha kifua, alikuwa ameshika karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Kidole chake kilishuka juu ya majina, kikasimama, kikashuka tena. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala siku tatu. Hata hivyo hakumkaripia hata mmoja, na kwa kila aliyeuliza alitafuta la kuongeza: uji, shingo, mtoto aliyeachwa nyumbani. Marsela alisimama pembeni akayaweka hayo moyoni. Katika miaka yake kumi na tisa ya upolisi alikuwa amejifunza kutazama kwanza nani anamtendea nani wema, ndipo atafute ubaya umeingilia wapi.

Kituo kilikuwa juu ya Karatu, mahali ambapo mashamba ya ngano yanakoma na msitu unaanza. Mwaka uliopita marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo walikiletea kompyuta, na tangu hapo kila mgonjwa alikuwa na faili lake ndani ya mashine: jina, uzito, sindano, vidonge. Ilikuwa kazi nzuri mpaka Januari ya mwaka huu wa themanini na nane, jina la kwanza lilipotoweka. Hakuna aliyelifuta. Jana lilikuwepo, leo halipo. Wiki mbili baadaye barua ikapanda kutoka Olbalbal, kule bondeni: mwenye jina amefariki.

Februari likatoka la pili. Barua ikaja. Machi, Mei, Juni. Watu watano, na kila mara mashine ililiachia jina kwanza, ndipo habari ya kifo ikafika. Barua ya tano ilipofika, afisa mmoja wa afya alikwenda polisi akadai kuna mtu anayejua vifo kabla ya vifo. Siku ya Jumanne wiki iliyopita, karani wa kompyuta aitwaye Inosenti alitiwa mahabusu. Katika maelezo yake, ambayo Marsela alikuwa nayo mkobani, kulikuwa na sentensi moja tu yenye uzito: *Sijafuta hata moja.*

Kisha Ijumaa, Inosenti akiwa nyuma ya nondo na ufunguo wake ukiwa mezani kwa polisi, yakatoka majina mawili kwa mpigo.

Wote wawili waliitwa Ngoyai. Mmoja alikuwa mzee aliyemaliza dawa akarudi kwao Olbalbal miezi miwili nyuma. Mwingine alikuwa kijana, na alikuwa pale pale wodini, kitanda namba sita, akipumua.

"Kama Inosenti yuko kwangu na majina bado yanatoka, basi ana mwenzake," mkuu wa polisi alikuwa amemwambia Marsela alfajiri hiyo ya Jumatatu. "Niletee huyo mwenzake, kabla hatujapata maiti ya sita."

Mstari ulipokwisha, Sista Lukresia alifunga dirisha. Walisalimiana Kiiraqw, kama watu wa nyumbani, kisha wakarudi kwenye Kiswahili kwa sababu ya kazi.

"Yukoje huyo kijana?" Marsela aliuliza.

"Anakufa, Afande. Siyo kwa kifua. Kifua kilikuwa kinapona. Tangu Ijumaa hajameza kidonge wala kijiko cha uji. Anasema waliotoka kwenye mashine wote waliuawa na dawa, na sasa zamu yake. Kaka yake Saruni amekuja na punda. Ukungu ukiondoka wanashuka."

"Akishuka bila dawa?"

Sista alitazama nje, ambako mti wa kwanza ulionekana na wa pili haukuonekana.

"Bila dawa hatafika mwisho wa mvua za vuli."

Marsela alikwenda kumwona. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinne, na vitanda namba tano na namba saba, vilivyopakana na namba sita, vilikuwa vitupu. Wenyewe walikuwa wamehamia ukutani, wakibanana wawili wawili, kama wanaoogopa kuambukizwa kitu kingine kisicho kikohozi. Ngoyai alilala chali amejifunika shuka jekundu mpaka kidevuni, macho wazi. Miguuni pake, chini ya shuka, mtu alikuwa ameweka tofali la moto lililozungushiwa gunia ili miguu isigande. Marsela aliligusa. Lilikuwa limebadilishwa muda si mrefu.

"Kijana wangu, mimi ni polisi. Nimekuja kutazama nani anakutisha."

Ngoyai hakumgeukia. "Jina langu limo?" aliuliza.

Marsela hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Bado sijaliona. Nakwenda kulitafuta."

"Usichelewe," kijana akasema kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimhurumia. "Ukungu ukitoka, mimi naondoka."

Saruni, kaka yake, alikuwa amechuchumaa mlangoni na fimbo yake. Alikuwa mrefu, mwenye mvi chache, na alipotazamwa na Marsela alitazama chini haraka.

"Huyo mzee mwingine, mwenye jina kama la ndugu yako, mzima?" Marsela alimuuliza.

Fimbo ilichora mstari mchangani. Ikaufuta. "Mimi nimekuja na punda tu, mama," Saruni akasema.

Hilo nalo Marsela aliliweka moyoni.

Chumba cha karani kilikuwa mwisho wa baraza. Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, na juu ya kitambaa mtu alikuwa ameweka rozari. Mtu asiyejua angepiga magoti asali.

"Nani kaweka rozari?"

"Mimi," Sista akasema kwa aibu. "Siku hizi naogopa kuingia peke yangu. Ninapoiwasha huwa kama inavuta pumzi."

Kwa kawaida jenereta liliwashwa saa nane mchana, lakini siku hiyo liliwashwa saa nne asubuhi kwa ajili ya polisi. Kweli, mashine ilipopata umeme ilivuta pumzi ndefu, ikakwaruza ndani, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi, kisha herufi za kijani zikatoka moja moja. Mwanga ule ulimpiga Sista usoni, akafanana na mtu anayetazama kutoka chini ya maji.

Marsela hakuijua kompyuta. Alijua karatasi. Aliomba zote zilizochapwa wiki ile, na Sista akampa. Tangu Inosenti akamatwe, polisi walikuwa wameagiza orodha ichapwe kila siku, hata Saba Saba. Marsela alichukua ya Alhamisi na ya Ijumaa, akaziweka moja juu ya nyingine, akazishikilia dirishani ili mwanga wa ukungu upite. Majina yalilala juu ya majina, mstari juu ya mstari, mpaka mahali pa akina Ngoyai wawili. Hapo mistari ikaachana. Chini kabisa ya kila karatasi kulikuwa na namba ndefu.

"Hii namba ni nini?"

"Inosenti alisema ni nafasi iliyobaki ndani. Kama debe la mahindi. Umejaza kiasi hiki, imebaki kiasi hiki."

"Na ukichota mahindi?"

"Nafasi inaongezeka, nadhani."

"Sista, leo sitaki nadhani. Alhamisi mpaka Ijumaa, kuna mtu aliyeingiza chochote humu?"

"Hakuna. Nani aingize? Karani yuko kwenu."

Marsela aliweka kucha chini ya namba ya Alhamisi: 9,412,608. Akaipeleka kwenye ya Ijumaa. Ilikuwa 9,412,608. Mafaili mawili yalikuwa yametoka, na debe halikupungua hata punje.

"Kuna kitu usichokihitaji humo? Kitu cha kutupa?"

Sista alifikiri. "Ratiba ya nyimbo za Noeli ya mwaka jana."

"Ifute."

Vitufe vililia. Sista akaita orodha upya, na namba ya chini ikaja tofauti: 9,416,704. Wote wawili waliitazama.

"Umefuta ratiba moja ya nyimbo, nafasi imekua," Marsela akasema polepole. "Ijumaa wametoka watu wawili, nafasi haikutikisika. Unaona?"

"Sioni, Afande."

"Hawakutoka. Inosenti amesema kweli. Akina Ngoyai wamo humu humu ndani."

Sista Lukresia alijivuta nyuma na kiti. Jenereta lilikohoa huko nje, mwanga ukapungua, herufi zikatetemeka, ukarudi. Alifanya ishara ya msalaba.

"Wamo wapi? Si ndiyo hii orodha yote?"

"Nieleze unavyoiita."

"Naandika neno la kuita, halafu nyota, halafu herufi tatu. Inosenti alinifundisha. Alisema bila nyota na hizo herufi, itatuletea na mambo ya mashine yenyewe, itatuchanganya."

"Leo ituchanganye," Marsela akasema. "Iite bila nyota."

Orodha ilikuja ndefu zaidi. Walipita vitu vya mashine wasivyovielewa, Sista akisoma kwa sauti ya chini, mpaka sauti yake ikakatika. Katikati ya mambo ya mashine kulikuwa na neno la Kiswahili.

KIVULINI. Na tarehe: nane Januari.

"Hilo ni nini?"

"Ni droo," Sista akanong'ona. "Inosenti alisema mtu anaweza kutengeneza droo ndani ya kabati, akaweka mafaili humo, na ukisoma kabati huoni yaliyo kwenye droo mpaka uifungue. Lakini sisi hatukuwahi kutengeneza droo."

"Ifungue."

Ndani yalikuwamo mafaili manane. Hakuna hata moja lililokuwa na jina la mtu.

KICHEKO. MWIMBAJI. FIMBO. UJI. BLANKETI. KONDOO. PAKER. MAMA.

Kisha Sista alifungua la kwanza, na juu ya kioo likatokea jina la Seenoi, mwanamke wa kwanza kutoweka, yule wa Januari. Uzito wake wa kila wiki ulikuwepo, sindano zake zilikuwepo, na alama ya Sista mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

"Soma vizuri. Kuna namba iliyoguswa?"

Sista alichukua kadi ya karatasi kutoka kabatini, akalinganisha, mstari kwa mstari, kwa uvumilivu. Ilimchukua robo saa. Mwishoni alivua miwani.

"Hakuna. Hata gramu moja. Hata tarehe za faili ni zile zile za zamani." Alitazama tena jina lile jipya. "Kicheko. Afande, Seenoi alikuwa akicheka hata akikohoa. Tulikuwa tukimwambia nyamaza, utatapika."

"Na Blanketi?"

"Huyo atakuwa mzee Sakaya. Alimpa jirani yake blanketi lake usiku wa baridi, akalala na gunia." Machozi yalimjia Sista, akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nimesahau."

"Mwenye kuua haandiki hivi," Marsela akasema.

Alitoa daftari lake. Siku zilizotoweka majina alikuwa amezinakili kabla hajatoka kituoni, lakini alikuwa amezisoma kama orodha ya vifo. Sasa alizisoma kama kalenda. Januari nane. Februari nane. Machi nane. Mei tisa. Juni nane. Julai nane.

"Mei nane ilikuwa siku gani?"

Sista alihesabu kwa vidole. "Jumapili."

"Jumapili huku kumefungwa, kwa hiyo ikangoja Jumatatu. Sista, wewe na mimi tumezaliwa hapa. Tarehe saba kuna nini Karatu?"

"Mnada," Sista akasema.

"Mnada. Watu wanapanda na ng'ombe na mbuzi kutoka Olbalbal na kote kule chini. Wanakuja na wanyama, na wanakuja na habari. Katekista wa Olbalbal aliyeandika barua ya Januari ndiye peke yake aliyetaja siku ya kifo: Jumanne, tarehe tano. Tano, Seenoi anafariki. Saba, ndugu zake wanafika mnadani. Nane, jina linatoka. Mashine haikuwahi kujua kabla. Ilijua baada, lakini ilijua kwa njia ya miguu, na sisi tunajua kwa barua inayongoja lori." Alifunga daftari. "Nani anaingia humu zaidi yako?"

"Hakuna. Naapa. Nawasha mashine saa nane, naiacha ipate joto, nakwenda kuchoma sindano, narudi nachapa."

"Na vumbi?"

"Vumbi?"

"Meza hii haina vumbi, kiangazi hiki chote. Nani analifuta?"

"Naisula. Lakini, Afande, Naisula ni mfagiaji. Na mkalimani wa wagonjwa wa Kimaasai. Naisula hata..." Sista aliitazama meza ile safi. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Inosenti alikuwa akimfundisha. Wakati wa chakula. Alisema ana akili kuliko sisi sote."

Naisula aliingia na ufagio wake, akausimamisha ukutani, akasimama. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, shanga shingoni juu ya gauni la kazi. Vidole vyake vilikuwa na masizi, na Marsela alijua yametoka wapi: yule aliyekuwa akibadilisha tofali la moto la kitanda namba sita alikuwa amesimama mbele yake.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. Naisula alikaa ukingoni mwa kiti. Alipoona droo iko wazi kwenye kioo hakushtuka. Alipumua tu, kama aliyetua mzigo wa kuni.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, mama."

"Inosenti yuko mahabusu siku ya saba. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Alipochukuliwa sikujua sababu, hatukuambiwa. Jumamosi nilisikia wodini kwamba ni majina. Nikaenda kwa askari aliyekuwa getini, nikamwambia najua majina yalipo. Akaniambia, mfagiaji, ngoja utaitwa."

Marsela alihisi uso wake mwenyewe ukiwaka moto kwa ajili ya askari yule. "Sasa nimekuita. Na umechelewa kuitwa, nisamehe. Nieleze."

Naisula alisogeza kiti. Hakutaja jina hata moja. Alipotaka kusema juu ya mtu, aliweka kidole kwenye kioo.

"Kwetu mtu akishalala, jina lake haliitwi tena. Nyumbani kwake hasa. Hata kitu chenye jina kama lake tunakipa jina lingine. Sasa kila Jumatatu Sista alikuwa akifungua dirisha na karatasi, anaita kwa sauti. Fulani! Fulani hakufika kuchukua dawa! Sista hana kosa, barua zilikuwa bado. Lakini ndugu zake wako pale kwenye mstari, wanajua. Mwaka jana nilimwona mama mmoja ameziba masikio, Sista anaita tu, mara tatu, jina la mtoto wake."

Sista Lukresia alifunika mdomo kwa kiganja.

"Nikafikiri, niyatoe kwenye karatasi lakini nisiyatupe. Kutupa ni vibaya zaidi. Inosenti alinionyesha droo. Hapa unashuka na mshale." Alionyesha vitufe vyenye mishale. "Unashuka mpaka unamkanyaga yeye, huandiki jina lake. Unabonyeza hiki. Inauliza apelekwe wapi, na aitweje. Ndiyo nikawapa hayo. Kila mmoja, kitu chake kizuri."

"Na hili?" Marsela alionyesha faili la mwisho. MAMA. Mbele yake palikuwa na sifuri. "Hili halina kitu ndani."

"Huyo hakuwahi kufika hapa," Naisula akasema. "Alikohoa miaka miwili. Hakukuwa na kituo bado. Nilimwekea mahali tu, akae na wenzake."

Nje mtu alipita na ndoo, na sauti ya mpini ikasikika muda mrefu ndani ya ukungu. Marsela aliona kwamba tayari mti wa pili ulionekana, na wa tatu ulianza.

"Tuna haraka," akasema. "Hawa wa Ijumaa. Kondoo ni yule mzee?"

"Ndiyo. Alilala Jumatatu iliyopita. Saruni ndiye aliyeniletea habari, mnadani."

"Na kijana? Kijana hajalala. Kwa nini umempeleka kivulini?"

Kwa mara ya kwanza Naisula aliinama. "Hapo nilikosea, mama. Boma la yule mzee na boma lao ni kama moja. Kijana hawezi tena kuitwa lile jina, atapewa lingine. Niliogopa Sista atamwita wodini kwa jina la marehemu, mbele ya watu wa kwao. Nikasema nimfiche kidogo mpaka wampe jipya. Nikamwandika Paker. Mtu akikupa kondoo, hamuitani majina tena. Wewe unamwita Paker, naye anakuita Paker. Yule mzee alimpa kondoo siku alipomleta hapa, alimbeba mgongoni kutoka barabarani. Walikuwa wakiitana hivyo kutwa."

"Na kijana hajui kwamba mzee hayupo."

"Mama yao amekataza. Alisema asiambiwe mpaka apate nguvu."

Marsela alisimama. "Sasa anaisha nguvu kwa sababu hajaambiwa. Twende."

Walimkuta Saruni amekwisha leta punda mpaka barazani, amemtandika ngozi mgongoni. Bonde lilikuwa limeanza kufunguka chini yao, rangi ya majani makavu, na vipande vya ukungu vikipanda kama moshi wa moto uliozimwa.

"Saruni," Marsela akasema, "nilikuuliza asubuhi, ukaninyima jibu. Sikulaumu. Ulikuwa unamfichia ndugu yako maumivu. Lakini yeye anafikiri ni yeye anayekufa. Ukimpandisha juu ya huyu punda, nitakuja kuandika kifo cha saba, na hicho ndicho kitakuwa na mwenye kosa."

Saruni alimtazama Naisula. Walisemezana kwa Kimaasai, maneno machache, sauti za chini. Yule mwanamume mrefu alivuta pua, akamfunga punda kwenye nguzo.

"Mama yetu atanigombeza," akasema.

"Mwambie ni polisi."

Wodini walipoingia, wote waliokuwa ukutani walinyanyua vichwa. Saruni alichuchumaa kando ya kitanda namba sita. Marsela na Sista walisimama miguuni. Marsela alikuwa na fomu ya polisi mkononi, na juu yake alikuwa amekwisha andika jina Ngoyai kwa herufi kubwa. Aliigeuza, ikaelekea kifuani kwake.

Saruni alisema kwa lugha yao. Marsela hakuelewa neno ila moja, lililorudi mara mbili: Paker. Akaona kijana anaelewa. Mdomo wake ulifunguka. Alijigeuza ukutani, shuka likapanda mpaka juu ya kichwa, na chini ya shuka mabega yakaanza kutikisika. Naisula alilitoa tofali lililopoa, akaweka la moto, akakaa chini sakafuni, mkono juu ya miguu ya kijana. Hakuna aliyemharakisha. Mzee mmoja kutoka ukutani alitoka polepole na blanketi lake, akarudi kukaa kitanda namba tano.

Muda ulipita. Shuka liliteremka.

"Kwa hiyo siyo mimi," kijana akasema kwa Kiswahili, macho mekundu.

"Siyo wewe," Marsela akajibu. "Na siyo dawa. Umefichwa na mtu anayekupenda."

Kijana alimtazama Naisula, akatazama masizi ya vidole vyake. Kisha alimuuliza kaka yake jambo. Saruni alifikiri, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mdogo wake, akasema neno moja. Naisula alilitafsiri kwa Sista: "Parsimei. Ataitwa Parsimei."

Sista Lukresia alikuwa amekwisha kimbia. Walimsikia barazani, viatu vyake vikipiga, kisha mbali kidogo mashine ya kuchapa ikianza kulia. Alirudi na karatasi ingali na joto, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kidole.

"Limo," akasema. "Tazama mwenyewe. Limo."

Kijana hakujua kusoma, lakini alilitazama muda mrefu. Marsela naye aliigeuza fomu yake, akakata jina alilokuwa ameliandika, akaandika Parsimei, na nyuma yake, kwa mkuu wa polisi, mistari miwili: hakuna kilichofutwa, hakuna aliyeuawa, Inosenti aachiwe leo hii, naye askari wa getini wa Jumamosi anisubiri.

Sista alinyoosha vidonge kwenye kiganja. Parsimei alivichukua, akavimeza kimoja kimoja na maji ya uvuguvugu aliyoshikiwa na Naisula, na kila kimoja kiliposhuka watu wa ukutani walipumua pamoja naye. Alipomaliza alifuta mdomo.

"Na lile la zamani," alimwambia Naisula, "usilirudishe kwenye karatasi. Liache kule kule kivulini, likae na mwenyewe."